Wasomaji Wanauliza: Vipimo vya Afya kwa Wasafiri na Wahamiaji

Barua zilizotufikia kuhusu vipimo vya afya vinavyodaiwa na nchi za kigeni ni nyingi kiasi kwamba tumezitengea safu hii yote. Nyingi zinachanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha waziwazi. La kwanza ni hatua za kiafya anazokutana nazo msafiri yeyote mpakani, bandarini au kwenye uwanja wa ndege, ambazo zinaongozwa na Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005. La pili ni uchunguzi anaofanyiwa mtu anayeomba kuishi, kusoma au kufanya kazi ugenini, ambao kila nchi inajipangia kwa sheria zake za uhamiaji. Msafiri wa kawaida analindwa na Kanuni hizo, ambazo ni mkataba unaozifunga nchi 196, lakini mwombaji wa ukaazi ana kinga ndogo zaidi, na ndiyo sababu anahitaji kujiandaa zaidi. Majina ya walioandika hatukuyachapisha.

Salaam, Daktari. Nilichanjwa homa ya manjano mwaka 2009, na kadi yangu ya njano inaonyesha kwamba muda wake uliisha mwaka 2019. Sasa ninakwenda India kibiashara, na njiani nitasubiri ndege usiku kucha katika nchi nyingine. Je, nichanjwe upya? Na kwa nini nchi isiyo na ugonjwa huo idai kadi?
*Mfanyabiashara msafiri*

Huna haja ya kuchanjwa upya. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulirekebisha Kanuni hizo mwaka 2014, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadumu maisha yote ya aliyechanjwa. Marekebisho hayo yanahusu pia vyeti vilivyotolewa zamani, hata kama mwuguzi aliandika tarehe ya mwisho kwa mkono wake, na hakuna nchi inayoruhusiwa kukikataa cheti kwa hoja kwamba miaka 10 imepita. Tafadhali usiikate tarehe hiyo kwa kalamu wala kuirekebisha, kwa sababu cheti chenye mafuto au masahihisho kinaweza kuhesabiwa kuwa batili, na hapo utakuwa umeharibu kadi iliyokuwa nzima. Kwa kuwa wafanyakazi wa mashirika ya ndege ndio wanaoikagua kadi kwanza, na baadhi yao bado wanafuata kanuni ya zamani, ni busara ubebe nakala ya tamko la Shirika la Afya Duniani kuhusu mabadiliko hayo.

India haina homa ya manjano, lakini ina mbu aina ya *Aedes aegypti*, ambao ndio wanaoieneza katika miji. Mgonjwa mmoja akiingia akaumwa na mbu hao, ugonjwa unaweza kuota mizizi katikati ya watu ambao hawajawahi kuchanjwa. Kwa hiyo kadi yako inaombwa kwa ajili ya wenyeji zaidi kuliko kwa ajili yako. Kwa mantiki hiyo hiyo, nchi utakayopitia inaweza kukuhusu hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege: iwapo ni nchi yenye hatari ya homa ya manjano, mataifa mengi huhesabu kwamba umetoka huko endapo umekaa kwa zaidi ya saa 12.

Wasomaji ambao hawajachanjwa wazingatie kwamba cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo sindano ya siku moja kabla ya safari haisaidii mpakani. Asiye na cheti halali anaweza kurudishwa, au kuwekwa karantini kwa muda usiozidi siku 6 tangu siku ya mwisho aliyoweza kuambukizwa. Kabla ya kuondoka kituoni hakikisha kadi ina saini yako, saini ya mtoa huduma, namba ya toleo la chanjo na muhuri rasmi. Kila mtoto awe na kadi yake, na mzazi amtilie saini.

Mama yangu ana umri wa miaka 72 na anatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili. Je, achanjwe homa ya manjano ili aweze kusafiri?

Asichanjwe kabla ya kuonana na daktari anayemtibu. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na haifai kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana, mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye maradhi ya tezi ya thaimasi, wala mtoto wa chini ya miezi 6. Kwa wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa vijana. Daktari akiona kwamba haifai, ataandika sababu zake kwa Kiingereza au Kifaransa, pamoja na saini na muhuri, na maofisa wa nchi anayokwenda wanatakiwa kuizingatia barua hiyo. Kuizingatia hakumaanishi kwamba watamruhusu moja kwa moja, kwa hiyo uliza ubalozini mapema. Na kama safari ni ya kwenda mahali penye mlipuko, barua haitamkinga na mbu. Hapo ningeshauri safari iahirishwe.

Daktari, tunajiandaa kwa Hija. Je, chanjo ya homa ya uti wa mgongo niliyopata miaka minne iliyopita bado inafaa?

Inategemea aina ya chanjo. Saudi Arabia inadai chanjo inayokinga makundi manne ya vimelea, yaani A, C, W na Y, itolewe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Ile ya zamani inatambuliwa kwa miaka 3, na ile mpya zaidi, ambayo huunganishwa na protini, kwa miaka 5. Kama cheti chako hakitaji ni aina ipi, kitahesabiwa kwa miaka 3 tu, kwa hiyo rudi kituo kilichokuchanja waiandike. Masharti haya hayakutungwa ofisini tu: baada ya Hija ya mwaka 2000, vimelea vya kundi la W vilisambaa na mahujaji waliorejea makwao, vikawaambukiza pia watu wa nyumbani kwao ambao hawakuwa wamesafiri. Soma tangazo la mwaka husika, kwa sababu wizara ya afya ya huko hulitoa upya kila msimu, na mahujaji wa baadhi ya nchi hutakiwa pia kuwa na chanjo ya polio.

Shikamoo, Daktari. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili nchini Uingereza kwa mwaka mmoja, na nimeambiwa nipigwe picha ya kifua kabla ya kuomba viza. Miaka kadhaa iliyopita niliugua kifua kikuu, nikameza dawa kwa miezi sita na nikapona. Naogopa kwamba makovu yaliyobaki yatanikosesha nafasi. Rafiki yangu ananishauri nisitaje kabisa kwamba niliwahi kuugua. Nifanyeje?
*Mwanafunzi mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Nianze na ushauri wa rafiki yako, kwa sababu ndio wenye hatari kuliko makovu yenyewe. Kuwahi kuugua kifua kikuu na kupona si sababu ya kunyimwa viza. Kovu litaonekana kwenye picha utake usitake, na daktari akiliona kwa mtu aliyejaza fomu kwamba hajawahi kuugua, hana njia nyingine ila kulichukulia kuwa ni ugonjwa mpya. Ukimweleza ukweli, unampa maelezo ya kile anachokitazama.

Uingereza inamtaka kila anayekwenda kukaa kwa zaidi ya miezi 6 kutoka nchi zilizo katika orodha yake awe na cheti kinachoonyesha kwamba hana kifua kikuu, na cheti hicho kitoke katika kliniki iliyoidhinishwa na Wizara yake ya Mambo ya Ndani. Picha ya hospitali nyingine haikubaliki, hata iwe nzuri namna gani. Zamani wageni walipigwa picha baada ya kutua Heathrow au Gatwick. Kuanzia mwaka 2012 kazi hiyo ilihamishiwa katika nchi wanakotoka. Naona mabadiliko hayo yalikuwa sahihi, kwa kuwa mgonjwa hugundulika na kuanza tiba kabla hajakaa saa nyingi ndani ya ndege na watu wengine.

Picha ikiwa safi, utapewa cheti kinachotumika kwa miezi 6. Ikionyesha kovu, hakuna daktari anayeweza kwa picha moja tu kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa umelala au uko hai, kwa hiyo utaombwa makohozi, kwa kawaida mara tatu kwa siku tofauti. Makohozi hayo hutazamwa kwa darubini, kisha huoteshwa maabara. Vimelea vya kifua kikuu hukua polepole mno, na maabara inaweza kusubiri hadi wiki 8 kabla ya kutamka kwamba hakuna kilichoota. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza muhula wakiwa wazima kabisa, kwa sababu tu walikwenda kupima wiki tatu kabla ya masomo kuanza. Wewe nenda miezi mitatu au minne kabla ya kuomba viza kuwa lazima. Hata wakitaka kuotesha makohozi, muda utatosha, na cheti kitakuwa bado hai.

Unapokwenda, chukua kadi yako ya matibabu ya wakati ule, majibu ya makohozi ya mwisho wa tiba na, kama unazo, picha za zamani za kifua. Picha ya zamani ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote, maana kovu lililobaki vilevile kwa miaka linamtuliza msomaji wa picha kuliko maelezo ya mdomo. Usinunue antibiotiki za kikohozi katika wiki za kabla ya kipimo bila kumweleza daktari wa kliniki. Baadhi yake, hasa za kundi la levofloksasini, huvidumaza vimelea na kuvuruga majibu. Siku ya kutoa sampuli, kohoa kutoka kifuani, kwa sababu mate yaliyotemwa kutoka mdomoni hurudishwa na utapoteza siku.

Na ikitokea kwamba ugonjwa umerudi? Utatibiwa kwanza, kwa kawaida kwa miezi 6, kisha utapimwa tena. Marekani pia inafuata njia hiyo: mwenye kifua kikuu hai hasafiri mpaka amalize tiba, lakini akishapona ombi lake linaendelea. Kiandikie chuo mapema kiahirishe nafasi yako. Barua ya kliniki huwa na uzito katika maombi ya namna hiyo. Najua ni vigumu kuona mwaka ukiondoka, lakini huo ni ucheleweshaji, na ugonjwa uliogunduliwa mapema ni nafuu kwako kuliko ungekupata ugenini katikati ya mitihani.

Mke wangu ana mimba ya miezi minne na tunatakiwa sote kupigwa picha ya kifua. Je, mtoto atadhurika?

Mionzi inayomfikia mtoto kutokana na picha moja ya kifua ni kidogo sana, na kliniki humfunika mama tumboni kwa kinga ya madini ya risasi. Hata hivyo hakuna anayepaswa kumlazimisha. Katika utaratibu wa Uingereza mjamzito ana njia tatu: kupigwa picha akiwa amefunikwa kinga hiyo, kupimwa makohozi badala ya picha, au kusubiri mpaka ajifungue. Kanada nayo huruhusu picha iahirishwe hadi baada ya kujifungua, ila ombi nalo husimama. Jambo la lazima ni mkeo aseme kwamba ni mjamzito kabla hajaingia chumba cha picha.

Nahamia Marekani kwa viza ya familia. Kadi yangu ya chanjo za utotoni ilipotea. Je, nitachanjwa zote upya?

Sivyo. Daktari aliyeteuliwa na ubalozi ataangalia chanjo zinazolingana na umri wako, na kwa magonjwa kama surua anaweza kupima kwenye damu kingamwili, yaani kinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya ugonjwa. Zikiwepo, hakuna haja ya sindano. Kwa chanjo za dozi nyingi, hutakiwi kuwa umemaliza dozi zote siku hiyo. Inatosha upewe ile inayofaa kwa wakati huo, na nyingine utazimalizia baadaye. Sharti la chanjo ya UVIKO-19 liliondolewa mwaka 2025, kwa hiyo puuza orodha za zamani zinazozunguka kwenye simu.

Daktari, ninaishi na VVU. Ninatumia dawa ipasavyo na wingi wa virusi umeshuka hadi hauonekani kwenye kipimo. Ninafikiria kuomba kazi katika nchi moja ya Ghuba, au kuhamia Kanada kwa mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi. Je, nisimamishe dawa kabla ya kipimo ili nisigundulike?
*Msomaji mwenye wasiwasi*

Usisimamishe dawa hata siku moja. Kipimo cha uhamiaji hutafuta kingamwili za VVU, ambazo hubaki mwilini uwe unameza dawa au umeacha. Kuacha dawa hakutaficha chochote, ila kutawapa virusi nafasi ya kuongezeka na pengine kuwa sugu.

Kuhusu Ghuba, sitaki kukupa matumaini yasiyo na msingi. Mataifa sita ya Baraza la Ushirikiano la Ghuba huwapima wafanyakazi wa kigeni katika vituo vilivyoidhinishwa kabla ya safari, kisha huwapima tena baada ya kuwasili wanapoomba kibali cha ukaazi. Mwenye VVU hunyimwa kibali, na akigundulika akiwa huko hurudishwa kwao. Fikiria gharama za wakala, kazi utakayoiacha na uwezekano wa kukosa dawa ukiwa unasubiri kurudishwa. Kwa maoni yangu sheria hizo ni za uonevu na hazina faida ya kiafya, kwa kuwa mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, sembuse kwa kufanya naye kazi. Lakini kuzipinga kwangu hakukulindi wewe ukishatua huko. Mwaka 2019 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI lilihesabu nchi na maeneo 48 yaliyokuwa bado na vizuizi vya namna fulani kwa wenye VVU. Hesabu hiyo imekuwa ikishuka: Marekani, iliyowazuia tangu mwaka 1987, ilifuta kizuizi chake tarehe 4 Januari 2010, na China nayo ikafuta cha kwake mwaka huo huo.

Kanada humpima VVU kila mwombaji mwenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini jibu la kuwa navyo peke yake halimnyimi mtu ukaazi. Swali wanalouliza ni la fedha: je, huduma utakazohitaji zitazidi kiwango kilichowekwa cha mzigo kwa mfuko wa afya? Mwaka 2018 kiwango hicho kilipandishwa mara tatu, na waombaji wengi wanaotumia dawa za kawaida, hasa zile zisizo za jina la kampuni, wana nafasi nzuri kuliko zamani. Pata barua ya daktari wako inayotaja dawa unazotumia, hali ya kinga yako na majibu ya wingi wa virusi, kisha ombi lako liende na barua hiyo.

Sisi ni mke na mume tunaoomba ukaazi wa kudumu Kanada kwa njia ya ujuzi wa kazi. Mtoto wetu wa miaka minane ana usonji. Tumeambiwa familia nzima itakataliwa kwa ajili yake, na kwamba heri tusimwandike kwenye fomu. Je, ni kweli?

Mwandikeni, wazazi wangu, mwandikeni mtoto wenu. Kanada inataka kila mtoto atajwe na achunguzwe, hata asiyesafiri nanyi kwa sasa, na ambaye hakutajwa anaweza kufungiwa njia ya kuombewa baadaye kama mwanafamilia. Kwa kumficha ili kumsaidia, mnaweza kumwacha nyuma kwa miaka mingi.

Hofu mliyopewa ina mizizi katika sheria ya zamani. Kabla ya mwaka 2018 maofisa walijumlisha gharama za elimu maalumu na huduma za kijamii za mtoto, na familia kadhaa zilikataliwa kwa hesabu hiyo. Mabadiliko ya mwaka huo yaliondoa elimu maalumu na huduma za kijamii katika hesabu, pamoja na kupandisha kiwango nilichokitaja hapo juu. Kwa mtoto mwenye usonji ambaye hana matibabu ya gharama kubwa, kikwazo kikuu kimeondoka. Wakimbizi, pamoja na wenzi na watoto wanaoombewa na mkaazi wa huko, hawapimwi kabisa kwa kigezo hicho cha gharama.

Ikiwa bado ofisa ana shaka, hatawakataa kimyakimya; atawaandikia barua akieleza anachokihofia na kuwapa muda wa kujibu. Barua hiyo imewavunja moyo wazazi wengi wakadhani ni ya kukataliwa, kumbe ni nafasi ya kuleta ripoti za wataalamu na mpango wenu wa matunzo. Jibuni ndani ya muda uliotajwa, tena jibuni hoja moja baada ya nyingine. Msichanganye na utaratibu wa Australia, ambako kwa viza nyingi za kudumu mwanafamilia mmoja akishindwa kigezo cha afya familia yote huzuiwa, isipokuwa pale viza husika inaporuhusu msamaha.

Nilipotua katika nchi moja nilisimamishwa kwa sababu kipimajoto kilionyesha nina homa. Nilikaa chumbani saa kadhaa bila maelezo, kisha nikadaiwa fedha za uchunguzi. Je, wana haki hiyo? Na wangeweza kunichoma sindano kwa nguvu?
*Msafiri aliyeumia moyo*

Pole sana. Walikuwa na haki ya kukusimamisha. Namna walivyokutendea ni jambo jingine. Kanuni za Kimataifa za Afya zinaruhusu nchi kumwuliza msafiri anakotoka na anakokwenda, kukagua hati zake za afya, na kumfanyia uchunguzi usioingilia mwili, kama kupima joto. Uchunguzi huo uwe ule wenye usumbufu mdogo kabisa unaotosha kwa lengo lililopo. Chanjo au kipimo kinachoingia mwilini kinahitaji ridhaa yako baada ya kuelezwa, au ya mzazi kwa mtoto. Ukikataa wanaweza kukunyima ruhusa ya kuingia. Kulazimishwa kunakubalika tu pale ambapo kuna ushahidi wa hatari ya karibu kwa afya ya umma na sheria ya nchi hiyo inaruhusu, na hata hapo wanatakiwa kuchagua hatua iliyo nyepesi zaidi inayotosha, au kukutenga.

Ukiwa umetengwa, unastahili chakula na maji, mahali pa kukaa, matibabu, ulinzi wa mizigo yako na njia ya kuwasiliana, kadiri inavyowezekana kwa lugha unayoielewa. Watumishi wanapaswa kuiheshimu jinsia yako, dini yako na utu wako. Na kuhusu fedha, Kanuni ziko wazi: msafiri asiyeomba ukaazi hatozwi kwa uchunguzi wa kujua hali yake ya afya, wala kwa kutengwa au karantini. Nakiri kwa masikitiko kwamba wakati wa UVIKO-19 nchi kadhaa ziliwatoza watu gharama za hoteli za karantini, na tabia hiyo imewapa maofisa wengine ujasiri. Omba stakabadhi, andika tarehe, saa na namba ya ndege, kisha peleka malalamiko kwa wizara ya afya ya nchi hiyo kupitia ubalozi wako. Kila nchi iliyo chini ya Kanuni ina ofisi maalumu ya kuwasiliana na Shirika la Afya Duniani, na nakala ya malalamiko iende huko.

Niongeze neno kuhusu kipimajoto chenyewe, kwa kuwa kimeaminiwa kupita kiasi. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa mapafu wa SARS mwaka 2003, Kanada ilikagua abiria katika viwanja vyake kiasi cha mara milioni 6.5, ikawapeleka watu wapatao 9,100 kwa uchunguzi zaidi, na haikupata hata mgonjwa mmoja wa SARS kwa njia hiyo. Sababu inaeleweka. Mtu aliyeambukizwa Ebola, kwa mfano, anaweza kukaa siku 2 hadi 21 bila dalili yoyote, akapita mbele ya kila kipimajoto akiwa na joto la kawaida. Mwaka 2014 ndivyo ilivyotokea kwa msafiri aliyetoka Liberia na kufika Dallas akiwa haonekani mgonjwa, kisha akaugua siku chache baadaye. Kinachosaidia zaidi ni kadi yenye namba ya kiti chako, simu yako na mahali utakapofikia, pamoja na maelezo ya nani umpigie ukianza kuugua. Kwa hiyo jaza kadi hizo kwa ukweli, na ukiwa na homa usimeze dawa ya kuishusha ili upite. Mwambie mtumishi wa afya, kwa sababu huenda ni malaria inayohitaji tiba siku hiyo hiyo.

Wakala wangu anasema nimlipe, na cheti cha vipimo kitapatikana bila mimi kufika kliniki. Anadai wengi wamesafiri hivyo. Ninawezaje kujua kama ni kweli?

Si kweli, na hata kama kingepatikana kisingekufaa. Siku ya uchunguzi kliniki hukagua pasipoti yako na kuhakikisha kwamba aliyepo ndiye mwenye hati. Kwa Kanada na Australia, majibu na picha ya kifua hutumwa na kliniki yenyewe kwa mtandao hadi idara ya uhamiaji, bila kupitia mikononi mwako wala mwa wakala. Karatasi utakayouziwa haitalingana na kumbukumbu yoyote.

Adhabu yake inadumu kuliko ugonjwa wowote ambao kipimo kingeonyesha. Kwa udanganyifu katika ombi, Kanada hufunga mlango kwa miaka 5, Uingereza inaweza kukataa maombi yako kwa miaka 10, na Marekani huhesabu kosa hilo maisha yote isipokuwa upewe msamaha maalumu. Sheria zote hizo zinamwadhibu mwombaji. Wakala atakuwa amekwisha hamisha ofisi.

Orodha ya kliniki na madaktari walioidhinishwa hutangazwa bure na idara ya uhamiaji ya nchi husika au ubalozi wake. Itafute wewe mwenyewe, piga simu kliniki kwa namba iliyomo katika orodha hiyo, na uulize mambo matatu: gharama kamili pamoja na ya vipimo vya nyongeza, hati unazotakiwa kuja nazo, na kama ni lazima uwe na namba ya ombi kabla ya kupimwa. Kwa nchi nyingine ukipima kabla ya kuelekezwa utalipa mara mbili. Siku ya kwenda chukua pasipoti, miwani kama unaitumia, orodha ya dawa zako na kumbukumbu za chanjo, na ulipe dirishani kwenye kliniki yenyewe, si kwa wakala.